Ngamia wa Dadacha na Wimbo wa Bati na Misumari

Vuta kiti ukaribie, na kama chai yako ni moto iache ipoe kidogo, maana jambo hili halisimuliwi kwa haraka. Hata sisi tulioliona kwa macho bado tunaulizana kama ni kweli lilitokea.

Mtu mwenyewe anaitwa Dadacha Tari. Ukimtafuta hapa Isiolo hutapotea. Ni mrefu, mkimya, kikoi kiunoni, na juu amevaa fulana nyeusi yenye picha ya bati lililotobolewa na msumari mkubwa. Hiyo ndiyo alama ya bendi inayoitwa Bati na Misumari. Ni bendi ya roki kutoka Nairobi, ya magitaa ya umeme na ngoma zinazopigwa kana kwamba zimekosea mtu. Mwimbaji wao ni mwanamke, Kendi, na sauti yake inaweza kukwaruza ukuta.

Sasa unajiuliza mchungaji wa Kiborana alipatana wapi na watu hao. Hata sisi tulijiuliza.

Dadacha alizaliwa Biliqo. Baba yake alipofariki, na ukame ukamaliza majani ya huko, alishuka na ngamia hadi pembeni mwa mji. Ngamia si wake peke yake, ni wa nyumba yao. Yeye anachunga, na dada yake mkubwa, Racho, anapokea maziwa sokoni kila asubuhi na kuyapakia kwenye basi la Nairobi. Dadacha ndiye anayelala na ngamia, lakini neno la mwisho ni la Racho.

Kuna kitu kimoja lazima ukijue, kama wewe si wa huku. Ngamia hanyweshwi kimya. Kisimani panakuwa na makundi mengi, wote wana kiu, wote wanasukumana, na kinachowatenganisha ni wimbo. Kila mchungaji ana wake, anaimba kwa mdomo wake, na ngamia wake wanasikia hiyo sauti katikati ya kelele yote na kusogea kwenye birika. Akinyamaza, wanasimama hapo walipo, wanangoja birika lijae tena. Akianza, wanasogea. Ndivyo ilivyo hata sasa, siku hizi za visima vya pampu.

Na Dadacha hakuwa na sauti. Si kwamba alikuwa bubu. Alikuwa na sauti, lakini wenzake kisimani walisema inafanana na mlango wa lori uliokosa grisi. Akianza kuimba, wanashika mbavu. Mmoja alimwambia, "Abo, unawaita ngamia ama unawafukuza?" Basi akawa anaimba chini chini, na ngamia wa baba yake wakawa wanachanganyika na wa watu wengine, na ikawa ni ugomvi kila zamu.

Hapo ndipo Kirigia anaingia. Kirigia ni Mmeru anayeuza miraa karibu na stendi, na pembeni ya miraa anawawekea watu nyimbo kwenye kadi ya simu. Dadacha alimwomba amwekee nyimbo za Kiborana asikilize malishoni. Kirigia alikuwa na wateja wengi siku hiyo, akammwagia tu kila kitu kilichokuwa kwenye kompyuta.

Dadacha alikuwa peke yake upande wa Kulamawe, spika yake ndogo ya sola imening'inia kwenye mti, gitaa la kwanza lilipolia. Alifikiri spika imeharibika. Akaizima. Akakaa kidogo, akaiwasha tena. Wimbo ulikuwa unaitwa "Vumbi Langu." Unaanza na gitaa moja linalojivuta polepole, kisha ngoma inaangukia juu yake, kisha Kendi anapiga ukelele mmoja mrefu kabla hajasema neno lolote. Alituambia baadaye kwamba nywele za mikono zilisimama, na hakujua kama amefurahi au ameogopa. Mtu mwenye sauti mbaya kama yake alikuwa anaimba bila aibu hata kidogo, na watu walikuwa wanapiga makofi.

Tangu siku hiyo alikuwa mtu wao. Alijua bendi ilianzia karakana gani, alijua mpiga ngoma wa kwanza alitoka lini na kwa nini. Ukimkuta hotelini akianza habari za Bati na Misumari, chapati inapoa mkononi. Kirigia alimtania sana. "Buda, hao watu wanapiga makelele ya mabati halafu wewe unalia?" Dadacha anajibu kwa upole tu, "Sikiliza tena. Safari hii usisikilize ngoma, sikiliza nyuma ya ngoma."

Halafu akafanya kitu ambacho hakuna mchungaji mwingine angekifanya. Alianza kuwanywesha ngamia kwa "Vumbi Langu." Spika juu ya nguzo ya kisima, wimbo unaanza, ngamia wanakuja. Anauzima, wanasimama. Misimu miwili ya mvua ilipita, na kundi lake likawa ndilo lenye adabu kuliko yote pale. Wale waliomcheka walinyamaza. Yeye akaona Mungu amemtatulia tatizo lake.

Racho hakuona hivyo. "Ngamia wa baba yetu wananyweshwa na watu wa Nairobi," alisema. "Wimbo wa kisimani ni wa mdomo mmoja, Dadacha. Huu ulionao, kila mtu anao kwenye simu."

"Lakini wanakunywa, dada. Hawapotei."

"Hawajapotea bado. Siku watakapopotea kwa ajili ya hiyo kelele, hata mara moja, nawapeleka Merti kwa Waqo. Yeye hana fulana, lakini ana koo." Waqo ni binamu yao. Na Racho si mtu wa kusema kitu mara mbili.

Ndiyo hali ilivyokuwa tuliposikia kwenye redio kwamba Bati na Misumari wanakuja Isiolo. Wenyewe, na magitaa yao, kwenye uwanja wetu huu huu, Jumamosi saa kumi jioni. Dadacha alipoambiwa alikaa chini barabarani. Nasema ukweli, alikaa chini mchangani na kikoi chake safi, na Kirigia akamletea maji.

Shida ni kwamba Jumamosi hiyo ilikuwa zamu yake ya kunywesha. Alimbembeleza Racho, akamwahidi kila kitu, mpaka Racho akakubali kuwapeleka ngamia kisimani mwenyewe, na mwanamume mmoja wa kumsaidia. "Nenda ukawaone watu wako," alimwambia. "Labda ukiwaona watakutoka."

Kisima kile kiko ng'ambo ya barabara ya lami ya Moyale. Kiko mbali na uwanja, lakini si mbali sana, na siku hiyo upepo ulikuwa unavuma kuelekea kule. Hakuna mtu aliyelifikiria hilo. Kwa nini mtu alifikirie?

Mchana Dadacha alikuwa tayari uwanjani, amesimama mbele kabisa, anatazama vijana wakipandisha spika ndefu kama nyumba. Tulikuwa wachache, na Kirigia alikuwepo na furushi lake la miraa. Lori la maji la kaunti lilikuwa linamwagia uwanja ili vumbi litulie. Bendi ikapanda jukwaani kujaribu mitambo. Kendi alikuwa mdogo kuliko tulivyofikiria, mwanamke mfupi wa Kimeru aliyevaa ndara, na Kirigia alimsalimia kwa Kimeru naye akajibu na kucheka. Dadacha alisogea nyuma hatua moja. Alikuwa ameshika mikono yake kifuani.

"Wacha tujaribu na 'Vumbi,'" Kendi akamwambia mpiga gitaa, jina lake Mutembei.

Gitaa lilipoanza kupitia spika zile, ardhi ilitetemeka chini ya viatu. Mimi si mtu wa muziki huo, lakini nilishtuka mpaka nikashika ukuta. Dadacha alifumba macho. Walipiga wimbo karibu mpaka mwisho, na ndipo Kirigia akaacha kutafuna.

"Dadacha," akasema. "Hebu fungua macho. Wale si wako?"

Juu ya paa za vibanda, upande wa barabara, vichwa vya ngamia vilikuwa vinakuja. Vichwa tu, vimeinuka, vinatembea kwa mpangilio, taratibu, kana kwamba vibanda ndivyo vinavyosogea. Mbele alikuwa Diimtu, yule mwekundu, kiongozi wa kundi. Hatukuamini. Mtu mmoja alicheka kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Na wakati huo huo wimbo ukaisha.

Dadacha alielewa kabla yetu sisi wote. Uso wake uligeuka rangi ya majivu. Tulipotoka langoni kutazama, tukaona alichokuwa anakiona. Wimbo ulikuwa umekatika ngamia wakiwa katikati ya lami, na kama walivyofundishwa, walikuwa wamesimama. Nusu wamevuka, nusu hawajavuka, Diimtu yuko juu ya mstari mweupe, wanangoja birika lijae. Kutoka upande wa Archer's Post malori yalikuwa yanashuka. Racho alikuwa ng'ambo, anapiga kelele, anachapa matako ya ngamia kwa fimbo, na hakuna hata mmoja aliyeinua mguu.

Dadacha hakukimbilia barabarani. Alikimbilia jukwaani.

Kijana wa mitambo alimshika kikoi. "Mzee, shuka. Huku hawapandi watu."

"Msisimame," Dadacha alimwambia Kendi. Yule mtu ambaye muda mfupi tu uliopita hakuweza hata kumsalimia. "Pigeni tena. Pigeni sasa hivi."

Kendi akatabasamu, amezoea watu wa namna hiyo. "Tutapiga saa kumi, mzee wangu. Haya ni majaribio tu."

"Ngamia wangu wako kwenye lami. Wanausikiliza huo wimbo. Ukinyamaza, wanasimama."

Kendi akamtazama Mutembei. Mutembei akatazama juu ya ukuta, akaona vile vichwa vimetulia hewani, na honi ya lori ikalia, ndefu, haikatiki. Hakuuliza swali. Alipiga lile gitaa la mwanzo, mpiga ngoma akamfuata, na barabarani Diimtu akainua mguu.

"Hadi lini?" Kendi aliuliza akiwa ameshika kipaza sauti.

"Hadi wote waingie. Nitakuonyesha wa mwisho."

Walipiga wimbo ule ukaisha, wakaunganisha tena kutoka mwanzo bila kupumua. Ngamia wakaja. Walipita kati ya vibanda, wakapita mbele ya hoteli watu wakiwa wameshika vikombe, wakaingia langoni mwa uwanja mmoja mmoja. Lori la kwanza lilikuwa limejaa maharagwe. Dereva alikanyaga breki mpaka tukasikia harufu ya mpira, likateleza, likaingia mtaroni na kuegemea upande. Ndama mmoja alikuwa amebaki nyuma, hakuujua wimbo kwa sababu alizaliwa juzi tu, na mama yake alisimama katikati ya lami, shingo kwa mtoto, masikio kwa gitaa. Racho alimbeba yule ndama. Mwanamke mtu mzima vile alimkumbatia ndama wa ngamia, miguu inaning'inia, akavuka naye mbele ya malori yaliyosimama. Dereva wa maharagwe alishuka, akaketi kando ya barabara, akawa anauliza kila anayepita, "Nani amekufa?" Aliambiwa hakuna. Akauliza tena.

Aliyekuwa wa mwisho alipoingia, Dadacha aliinua mkono, na bendi ikanyamaza.

Ngamia wote walikuwa wamesimama mbele ya jukwaa, wamepangana, wanamtazama Kendi. Naye anawatazama. Fimbo za mpiga ngoma zilikuwa zimeanguka chini na hakuziokota.

"Wanataka nini?" Kendi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Maji," Dadacha akasema. "Wakiusikia, wanajua kuna maji."

"Wimbo huu? Mimi niliutunga juu ya mwanamume aliyeniacha Nakuru."

Hakuna aliyecheka. Vijana wa mitambo walitandaza turubai la jukwaa kwenye shimo moja kando ya jukwaa, lori la kaunti likamwaga maji, na ngamia wakanywa pale uwanjani. Racho alifika akiwa anahema, damu ya mchubuko mkononi. Hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba.

"Basi likipita na huo wimbo, watalifuata hadi wapi?" alimwuliza ndugu yake. "Hadi Nairobi? Hawa si wetu tena, Dadacha. Ni wa yeyote mwenye spika. Kesho Waqo atakuja kuwachukua."

Dadacha aliinamisha kichwa. Unajua maana yake? Mchungaji aliyenyang'anywa ngamia wa baba yake na dada yake, mbele ya mji mzima, hatapewa wengine. Atakaa mjini avae fulana.

Kendi alikuwa ameshuka. "Mama, kosa si lake peke yake," alimwambia Racho. "Jioni tunaweza kuuacha huo wimbo. Tuna zingine."

Watu waliokuwa wameshaanza kujaa langoni walinung'unika. Walikuwa wametoka Kinna na wapi kwa ajili ya "Vumbi Langu." Tukamtazama Dadacha, tukajua atakubali, maana alikuwa anaweza kupata vyote viwili, ngamia watulie na yeye abaki asikilize zilizobaki.

"Hapana," akasema. "Ule ndio wimbo. Pigeni. Mimi nitawatoa mpaka mahali hausikiki."

"Utawatoa na nini?" Racho akauliza. "Utabeba hayo maspika mgongoni?"

Dadacha akamwendea Diimtu, akaweka mkono shingoni mwake. Akafungua mdomo akaimba. Kwa Kiborana, kwa ile sauti yake yenyewe, mbele ya Kendi, mbele ya Mutembei, mbele ya wale wenzake wa kisimani ambao walikuwa wamefika mbio. Hakuwa na maneno tayari. Aliwataja ngamia mmoja mmoja, na mama zao, na walikozaliwa, na kwa mama wa ndama alitaja kwamba leo mtoto wake alibebwa. Sauti ilikuwa mbaya vilevile. Ilipasuka, ikapotea, ikarudi. Mwanzoni hakuna ngamia aliyesogea. Akaanza kutembea hivyo hivyo, anaimba, hakugeuka nyuma kuangalia. Diimtu alitafuna kwanza, akafikiria. Kisha akamfuata, na wengine wakamfuata Diimtu.

Nilimwangalia Kendi. Mdomo ulikuwa wazi. Alimwambia Mutembei, "Sikia hiyo," na Mutembei akasema, "Nasikia."

Kwa hiyo siku Bati na Misumari walipopiga Isiolo, mtu aliyewapenda kuliko sisi wote hakuwepo. Saa kumi ilimkuta mbali, upande wa Ngaremara, anatembea mbele ya kundi, koo limekauka. Racho alikuwa nyuma tangu mjini na ndama wake, hajasema neno. Hayo alitusimulia Racho mwenyewe.

Simu ya Dadacha ililia. Alikuwa Kirigia, na Kirigia ana moyo mzuri hata kama anatania. "Buda, wanaanza sasa! Nimekuinulia simu juu, sikiliza." Na kweli, likaja lile gitaa, dogo, la mbali, linajivuta, na nyuma yake uwanja mzima wa Isiolo unapiga kelele.

Masikio ya Diimtu yalisimama. Nyuma yake kundi zima likainua shingo.

Racho anasema ndugu yake alisimama na simu mkononi muda wa pumzi moja tu. Ukelele wa Kendi ulikuwa haujafika. Akaikata. Akaizima kabisa, akaitia kibindoni, na akarudi kuimba pale alipoachia, kwa jina la ngamia aliyekuwa amemfikia. Ngamia wakashusha shingo.

Walitembea tena kipande kirefu. Kisha Racho akaongea kwa mara ya kwanza.

"Zamu yetu nyingine ni Jumatano asubuhi," alisema. "Uje nayo hiyo sauti. Na usiniambie umeshikwa na mafua."